Shoti ya Makusudi

Mie sio mtu wa kushangazwa na kitu. Nilitoka kusini na mfuko mmoja wa rambo, ndani yake suruali na shati la Idi. Nimelala juu ya magunia Manzese, nimebeba mizigo ya watu mpaka shingo ikawa haigeuki, na shule niliishia darasa la nne, hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Leo nina mashine yangu ya kusaga na kukoboa hapa Kibamba, na jengo lake ni langu. Sikupewa na mtu. Kwa hiyo ungeniambia siku moja umeme utanishangaza, ningekucheka mbele ya watu.

Kilichonishangaza ni kitu cheusi cha mviringo, kikubwa kidogo kuliko kitumbua, kina tundu katikati. Nakiandika hapa kwa sababu kila asubuhi nikikunja vidole vya mkono wa kulia na vikakunjika vyote vitano, namkumbuka aliyekileta, na shukrani yangu haijaisha.

Mashine yangu kubwa inazungushwa na mota ya nguvu za farasi thelathini. Mota ile iliungua mara mbili ndani ya masika moja. Mahindi yanakuja na unyevu, yanakaba, mota inahangaika, mwisho unasikia harufu ya waya na moshi unatoka. Mara zote mbili niliipakia kwenye Kirikuu nikaipeleka Manzese kwa mama mmoja fundi wa kusuka mota upya. Ni mtu wa nyanda za juu, makamo yangu, miwani yake kaifunga kamba ya kiatu shingoni, na akisuka waya anaimba tenzi za kanisani, kila ubeti una hesabu yake ya mizunguko. Ukimsemesha katikati ya ubeti hakujibu.

Mara ya pili aliponikabidhi mota alinikazia macho juu ya miwani.

"Kaka, chuma cha ndani kimechoka. Ikiungua ya tatu usiniletee mie, wapelekee wa vyuma chakavu."

Hilo lilinichoma. Mota mpya ya ukubwa ule sikuwa na uwezo nayo, na pale mashineni tulikuwa tunakula watu wanane, mie na familia yangu na shemeji yangu na yake. Ikiungua ya tatu, tunafunga mlango.

"Unajuaje kama imeelemewa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kiganja. Miaka yote kiganja changu ndo kilikuwa mita. Nakiweka kwenye ubavu wa mota, nahesabu mpaka kumi, nasikiliza inavyoimba, nakwambia imelemewa kiasi gani. Mafundi wa vyuo nimewashinda kwa kiganja hiki.

"Kiganja kinajua joto," akasema. "Na joto ni habari ya jana. Mpaka mota ipate joto la kukuunguza, waya ndani umeshaumia. Mie nataka ujue inakula ampea ngapi sasa hivi, mahindi yakiwa yanaingia. Nitakuwekea siti."

"Siti? Mota yangu haipandi basi, dada."

"Cheka tu."

"Kama ni siti, basi niwekee ya dirishani, ione barabara."

Alicheka yeye mwenyewe, watu wa kwao na wa kwetu tunataniana, lakini Jumatatu yake alikuja Kibamba na kile kitumbua cheusi mkononi. Kumbe hiyo siti ni herufi mbili tu za kizungu, C na T, wao mafundi wanatamka hivyo. Mie nikaiita pete na mpaka leo naiita pete.

Alizima swichi kubwa, akafungua bodi, lile sanduku la umeme ukutani, akachomoa mwisho wa waya mmoja mnene unaokwenda kwenye mota, akaupitisha katikati ya tundu la pete, akaurudisha mahali pake akakaza. Basi. Waya haukuchunwa ngozi, haukukatwa, haukugusana na kitu. Nilimwuliza atapimaje kitu asichokigusa, maana mie niliwahi kujaribu kupitisha umeme wa mota kwenye kimita kidogo cha mkononi na kilichobaki ni sindano zake mbili. Akaniambia ndo maana ya pete. Umeme huu unakwenda na kurudi, na ule wa kwenye waya mnene ukipita katikati, pete inauhisi, inatoa mfano wake mdogo kwenye nyaya mbili nyembamba. Zikipita ampea arobaini kwenye mnene, kwenye nyembamba zinatoka mbili. Ishirini kwa moja, haikosei. Zile mbili zinakwenda kwenye mita ya mshale usoni pa bodi, na mita yenyewe imechorwa kwa hesabu hiyo, kwa hiyo mshale unakuandikia arobaini. Ule umeme mkubwa unabaki kwenye njia yake, haukukaribii wewe unayesoma.

Kisha akatoa mkobani rangi ya kucha, nyekundu, akachora mstari kwenye kioo cha mita. "Mshale ukigusa hapa, punguza mahindi."

Nakuambia ukweli, zile wiki zilizofuata nilijiona injinia. Nikasimama mbele ya ule mshale kama dereva wa treni. Yakija mahindi mabichi naona unapanda, namwambia shemeji "banabana mlango wa mahindi," unashuka. Mota ikawa inaimba sauti moja asubuhi mpaka jioni. Wateja wenyewe wakajifunza. Mama mmoja muuza vitumbua, mteja wangu wa siku nyingi wa mchele, alikuwa ananipigia kelele toka kwenye foleni, "Bosi, mshale unapaka rangi kucha!" Na mie nawaelezea wote namna inavyofanya kazi, kana kwamba nimeitengeneza mie.

Sasa siku moja nilikwenda msibani Boko. Huku nyuma mtu akarusha gunia begani, kona ya gunia ikapiga mita, kioo kikapasuka na mshale ukakwama. Shemeji akampigia fundi, fundi akaja. Akazima swichi kubwa, akaitoa ile mita aende nayo Manzese kubadilisha kioo. Halafu, ili watu wasikae bila unga, akachukua kipande cha waya akaunganisha ncha mbili za pete, hii na hii, akabandika tepu nyeupe juu yake akaandika, akawasha, akaondoka. Akamwachia shemeji maneno: mota inaweza kufanya kazi, ila kile kipande kisiguswe mpaka arudi na mita.

Nilirudi saa tisa mchana, mashine inasaga, foleni imefika barabarani. Naona usoni pa bodi kuna tundu palipokuwa na mita. Nikafungua mlango wa bodi nione kulikoni. Ndani, vumbi la unga kila mahali. Nikapitisha kidole kwenye tepu, likatokea neno moja kwa herufi kubwa: SHOTI. Chini yake naona kipande cha waya kimeunganisha ncha mbili, mtupu, wazi kabisa.

Mtu yeyote wa mji huu anajua shoti. Ukisikia nyumba imeungua Manzese, ni shoti. Ukisikia soko limeungua, ni shoti. Nimeishi miaka yote naikimbia shoti, halafu fundi ninayemlipa kaja kaniwekea shoti kwenye bodi yangu na kaiandika jina.

Nikawaita wateja. Ndio, niliwaita. "Njooni muone mafundi wa siku hizi. Nyaya mbili kazigandanisha, kaziacha, kaondoka. Isingekuwa mie hapa, jengo hili lingekuwa majivu kabla ya magharibi."

Shemeji akaacha gunia akaja mbio. "Shem, fundi kasema hicho kisiguswe."

"Kasema nini?"

"Kisiguswe. Kasema hiyo shoti ni ya makusudi."

"Shoti ya makusudi? Wewe umewahi kuona kidonda cha makusudi? Mashine hii kainunua nani?"

"Wewe, shem."

"Haya. Kamwage mahindi."

Wala sikuzima. Kwenye akili yangu, zile ni nyaya nyembamba za mfano, ampea mbili, za kuchezea. Nikachukua koleo yangu, ile ambayo mpira wa mpini upande mmoja ulishatoka, nikakata kile kipande cha waya mbele ya macho ya wanawake kumi na tano na mzee mmoja wa dona.

Cheche ikaruka, ya buluu. Pete ikaanza kunguruma kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Mie badala ya kurudi nyuma nikaona ncha moja imening'inia karibu na bati, nikaisogeza kwa kidole.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka niko chali juu ya magunia ya pumba, mdomo umejaa pumba, na mkono wa kulia nauona lakini sio wangu. Shemeji alikuwa ameshashusha swichi kubwa. Kukawa kimya, kimya ambacho mashine ya kusaga haiwagi nacho mchana. Katika kimya hicho yule mama wa vitumbua akasema taratibu, "Baba, ulituita tuone. Tumeona."

Shemeji alimpigia simu fundi, naye akashuka kwenye bodaboda muda mfupi baada ya adhana ya alasiri. Nilijua atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Hakunitukana. Alikaa kwenye gunia pembeni yangu, akachukua ule mkono, akakunja kidole kimoja kimoja, akiuliza "Hiki unakisikia? Na hiki?" mpaka vyote vitano vikajibu. Akanilazimisha nipelekwe kwanza zahanati wanisikilize moyo, akanisubiri mpaka niliporudi. Ndipo akanisimamisha mbele ya mashine, chini ya mdomo wa unga, pale tunapofunga kitambaa kirefu cha kushushia unga.

"Kaka, mota inazunguka, mahindi yanaingia. Ukiufunga mdomo huu kwa kamba, unga unakwenda wapi?"

"Unapasua kitambaa," nikasema. "Utakuwa kwenye dari na machoni pa watu."

"Kwa nini usisimame tu?"

"Utasimamaje na mahindi yanaingia? Lazima upate pa kutokea."

"Basi pete ni hivyo hivyo. Waya mnene ukiwa na umeme, pete inasaga, haina namna ya kukataa. Mita ikiwepo, unga wake unatokea kwenye mita. Mita nikiitoa, lazima niupe njia nyingine, ndo kile kipande cha waya. Wewe ulifunga mdomo mashine ikiwa inazunguka. Zile ampea mbili zikakosa njia, zikajisukuma zenyewe zikawa kali kupita umeme wa nyumbani. Kwingine kote shoti ni adui. Kwenye ncha za pete shoti ni mlango."

Miaka mingi watu wamenieleza umeme, na huyu ndo wa kwanza kunieleza kwa kitu ninachokijua kuliko yeye.

Akaipangusa ile tepu vizuri. Chini ya SHOTI, kwenye unga, ilikuwepo mistari miwili zaidi: YA MAKUSUDI. USIGUSE MOTA IKIWAKA. Kidole changu kiliishia kwenye mstari wa kwanza.

"Kosa na mie ninalo," akasema. "Nimeandika neno linalotisha watu."

Kwa sababu pete ilikuwa imenguruma bila njia hakuiamini tena. Alisema inaweza kudanganya mshale, na mshale unaodanganya utaniunguzia mota ile ile tunayoilinda. Akaleta pete mpya kesho yake na mita yenye kioo kipya, akachora tena mstari wa rangi ya kucha. Pembeni ya ncha akaweka kipande cha waya cha akiba na tepu mpya, na juu yake akaandika maneno mawili ambayo hata mie wa darasa la nne siwezi kuyakosea: UNGA UPITE.

Bado ipo. Mota haijaungua tena, na masika zimepita zaidi ya moja. Mita ikitolewa, mie mwenyewe nazima swichi kubwa, nafunga kile kipande, nakaza, ndipo namruhusu mtu aguse, na wenye mashine wa huku mpaka Mbezi wakipata pete wananiita niwaelekeze. Nawaelekeza bure, na nawaambia nani alinifundisha, ingawa mwanzoni hilo nilikuwa nalisema kwa sauti ya chini.

Siku ile ya kumlipa nilimpa elfu hamsini nikamwambia chenji abaki nayo, maana kanirudishia mkono. Akakataa. Akasema mkono kaurudisha Mungu, na kioo cha mita kavunja mbeba gunia, keshalipa mwenyewe. Akapiga hesabu ya kosa langu tu juu ya mfuko wa sembe: pete mpya elfu thelathini na mbili, bodaboda ya kwenda na kurudi elfu nne, tepu mia tano. Akanihesabia chenji yangu kiganjani, kile kile cha kulia, elfu kumi na tatu na mia tano, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake nilisikia ubaridi wa sarafu. Kwa hiyo ukiniuliza kujifunza shoti ya makusudi kulinigharimu nini, ni shilingi elfu thelathini na sita na mia tano.