Mtoto Aliyekatazwa Kuchekeshwa

Mtu akipepeta ulezi karibu na chumba changu hapa Sumbawanga, nafunga dirisha. Wapangaji wenzangu hunicheka, eti najifanya mtu wa mjini. Waniache tu, nimechoka kueleza. Yale makapi yana harufu kavu inayokaa kooni, nami nikiisikia narudi nyumbani kwetu, upande wa Mwimbi, mwaka aliozaliwa mdogo wangu Fidelisi.

Msimu wa kupura ulezi kila mtu alikohoa. Upepo wa kipupwe ulileta vumbi puani, kwenye mboga, hata kwenye blanketi. Kwa hiyo shangazi yangu alipokuja kutusaidia kazi huku akikohoa mpaka machozi yanamtoka, hakuna aliyeshtuka.

"Vumbi la ulezi hilo," alisema mwenyewe, akajifuta kwa kanga, akambeba Fidelisi na kumbusu mashavu yote. Shangazi alijua vituko: anapandisha nyusi, anatoa ulimi, anavimbisha mashavu. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutabasamu. Siku za kumpeleka chanjo ya kwanza zilikuwa zimefika, lakini Mama alisema tumalize ulezi kwanza.

Ulezi haujaisha, Fidelisi akaanza kukohoa. Alikohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, midomo ikawa ya buluu. Tukapanda gari hadi hospitali ya mjini, mimi nikichukuliwa ili nimsaidie Mama kufua na kuchota maji ya moto.

"Ni kifaduro, mama," muuguzi alimwambia. "Msimlize, wala msimchekeshe. Vyote vinamwamshia kikohozi, na pumzi yenyewe hana."

Asilie, hilo nililielewa. Lakini asicheke? Fidelisi alilala na mpira wa oksijeni puani, akinitafuta kwa macho, na akinipata anaanza kutabasamu. Hapo Mama ananigusa bega: "Geuka, mwanangu." Nageukia ukutani. Yeye mwenyewe alimpakata huku akitazama mlangoni, uso mkavu, kama aliyeshikishwa mzigo wa mtu mwingine. Nilimchukia kwa hilo. Niliona amemchoka mtoto, na kweli sote tulikuwa tumechoka.

Asubuhi moja nilirudi na chupa ya chai nikamkuta Mama amempakata Fidelisi, mpira umeondolewa puani, anamtazama usoni. Alikuwa akimfanyia vituko vya shangazi, kimoja baada ya kingine, nyusi, ulimi, mashavu. Moyo wangu ulifurahi sana. Nilijua amepona, nikacheka kwa sauti, nikakimbilia kitandani nami nimchekeshe. Muuguzi akanishika mkono, akasema taratibu, "Mwache mama yako amuage."

Leo nina wanangu, na ndipo nimeelewa. Siku zote zile Mama alimnyima mwanawe uso wake ili asimmalizie pumzi. Asubuhi ile hapakuwa tena na pumzi ya kulinda, akampa vyote alivyokuwa amemwekea.