Bibi wa Watu

Je, wewe umewahi kumwibia mtu bibi yake? Sisemi shamba lake wala mkufu wake. Nasema bibi mwenyewe, mzaa mzazi wake, pamoja na jina lake, kaburi lake na ushujaa wake wa usiku mmoja, ukavibeba vyote ukavifanya vyako mbele ya watu, na watu wakakushika mkono huku wakifuta machozi. Bogdan Sawczuk aliiba hivyo kila kiangazi, mchana kweupe, baiskeli yake ikiwa imeegemea mti.

Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni wa baiskeli huku kwetu Mazuria, kwenye maziwa ya kaskazini mwa Poland, nchi iliyokuwa ya Wajerumani kabla ya vita. Kampuni ya mjini ilimpa kikundi kila Jumapili, wengi wao wastaafu kutoka Ujerumani, naye aliwazungusha wiki nzima: ngome ya matofali mekundu ya mashujaa wa msalaba, malango ya mfereji ambako mashua hupandishwa na kushushwa, makao ya watawa wenye ndevu, mahandaki ya zege yaliyoachwa na vita msituni. Bogdan alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alijua kilima kipi kitamshinda mzee, alibadilisha tyubu kabla mgeni hajamaliza kulalamika, na kwenye barabara za mawe aliwafundisha wageni wake kuinuka kidogo kwenye siti ili wafike wakiwa bado wanaweza kukaa.

Tena alikuwa na ulimi. Kijerumani chake hakukipata shuleni. Alikipata utotoni jikoni kwa Trauta Sadlowska, jirani yao. Wakati ule watoto wa kijiji walikuwa wakimrushia Bogdan madongoa na kumwita Mukraine mchinja watu, na Trauta walimwita Mjerumani na kumtemea mate kwenye lango. Waliotemewa mate wakakutana. Trauta alimkatia mkate, akaupaka jemu ya plamu, akamfundisha maneno. Ndiyo maana Bogdan aliongea Kijerumani cha kizamani cha huku, kile ambacho huko Ujerumani sasa kimebaki vinywani mwa vikongwe tu.

Uongo ulizaliwa hapo. Katika msimu wake wa kwanza mgeni mmoja alimsikia akihesabu vikombe vya chai, akashika moyo wake akasema, "Unaongea kama marehemu baba yangu. Wewe ni wa hapa hapa, sivyo? Wa wale wa zamani." Siku ile Bogdan alijibu ukweli. Alisema ukoo wake ni Waukraine wa milima ya kusini, kwamba baada ya vita serikali iliwapakia kwenye mabehewa ya ng'ombe ikawamwaga huku, kwenye nyumba ambazo wenyewe Wajerumani walikuwa wamezikimbia. Mgeni alitikisa kichwa kwa adabu, akageuka kutazama ziwa. Basi. Kikundi kilichofuata kilipomuuliza swali lile lile, Bogdan alisema ndiyo.

Hapo mimi nauliza: ni nani aliyewafundisha watu kwamba huzuni ya mmoja ni historia na ya mwingine ni ya kupitiwa tu kama kituo cha mabasi? Bibi yake wa kweli, Nastia, alishuka kwenye behewa lile na mbuzi mmoja na mtoto mgongoni, akaanza maisha kwenye chumba chenye vyombo vya watu wengine. Hilo nalo si la kusimuliwa? Lakini tangu utoto Bogdan alifundishwa kunyamaza akiwa ndani ya basi, mama yake asije akamjibu kwa lugha ya nyumbani mbele za watu. Mtu aliyelelewa akificha bibi yake haoni taabu sana kuchukua bibi wa watu.

Akamchukua bibi wa Trauta, aliyeitwa Luiza, kwa sababu hadithi yake alikuwa ameila pamoja na ule mkate. Kaburi la Luiza liko pembeni mwa kijiji, kwenye makaburi ya zamani yaliyomezwa na upupu, na njia ya baiskeli inapita hapo. Bogdan alisimamisha kikundi, akavua kofia, akasimulia. Kwamba majira ya baridi ya mwisho wa vita, kijiji kizima kilipopakia mikokoteni na kukimbilia magharibi, bibi yake Luiza alikataa. Kwamba aliwasha tanuru akaoka mkate usiku kucha, ili yeyote atakayevunja mlango akute chakula cha moto. Kwamba askari wa Kirusi waliingia, wakala, mmoja akasinzia na bunduki mapajani, na asubuhi wakaondoka na ng'ombe tu, watu wakabaki wazima. "Na chini ya meza ile," Bogdan alimalizia kila mara, "alijificha mtoto wa miaka sita. Mtoto huyo ni mama yangu."

Mtoto huyo alikuwa Trauta.

Basi kiangazi kimoja, siku ya Alhamisi, Bogdan alisimama pale na kikundi chake. Kulikuwa na Bi Ingeborg, mwalimu mstaafu mwenye kamera shingoni, na Mzee Detlef, ambaye tangu Jumapili alikuwa ameshapata pancha tatu na kuzilaumu zote kwa barabara za Poland. Bogdan alisimulia vizuri kuliko siku zote. Alipofika kwenye meza, sauti yake ilikatika yenyewe, si kwa kuigiza, maana baada ya kurudia jambo miaka mingi mwili huanza kuliamini. Akainua macho. Nyuma ya wageni, kando ya msunobari, alisimama Trauta na mundu wake. Alikuja kufyeka upupu, kama afanyavyo kila mwezi.

Bi Ingeborg alifuata macho yake, akamwona, akamsalimu. Alipogundua kwamba kikongwe anajua Kijerumani alifurahi kama aliyeokota pete. Akamuuliza kama alimfahamu bibi wa Bogdan.

Trauta alimtazama Bogdan. Alimtazama muda wa kutosha mtu kutamani ardhi ipasuke.

"Nilimfahamu," alisema. "Tulikaa karibu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mkali. Ukidokoa mkate wake alikupiga mwiko vidoleni."

Wageni walicheka. Mzee Detlef alimpiga Bogdan begani, akasema basi ndiyo maana huyu ana adabu. Bi Ingeborg akauliza na yeye Trauta alikuwa wapi usiku ule.

"Mimi?" Trauta aliufuta mundu kwa shada la majani. "Nilikuwa mdogo. Sikumbuki."

Kisha akamsogelea Bogdan kana kwamba anamuaga, akasema kwa Kipolandi, ambacho wageni hawakukijua, kwa sauti ile ile ya kumkaribisha mtu chai: "Mama yako hajambo? Msalimie. Mwambie leo ndiyo nimepata habari kwamba alikuwa chini ya meza yetu."

"Shangazi," Bogdan alianza.

"Nenda, kijana. Wageni wako wanapigwa na jua."

Mchana ule Bogdan aliendesha mbele bila kugeuka. Kwa kawaida kiongozi huachia wa mwisho wamfikie, huhesabu vichwa, hutania. Yeye alikanyaga pedali kama anayefukuzwa, mpaka Bi Ingeborg akapiga kengele kumwomba apunguze. Kwenye ngome alichanganya majina ya wakuu wake. Kwenye lango la mfereji, maji yakiinuka polepole na mashua juu yake, alijikuta anatamani kuwa kule chini kwenye utelezi, maji yanakojaa bila kelele. Alikuwa amezoea kuogopa kwamba ipo siku mgeni atamkamata. Kukamatwa na Trauta hakuwahi kukufikiria, na kwamba Trauta angemfichia siri, akajifuta mwenyewe kwenye maisha yake mwenyewe ili yeye asiaibike, hilo lilimuuma kuliko kofi. Angempiga kofi, wangekuwa wamemalizana.

Jioni, kwenye nyumba ya wageni, walipokuwa wakila samaki wa kukaanga, Bi Ingeborg aligonga glasi kwa kijiko. Alisema wamezungumza wote wakakubaliana. Kesho wasianzie kwenye mahandaki. Warudi kaburini, walisafishe, waziandike upya herufi zilizofifia, iwe shukrani yao kwa Bogdan. Mzee Detlef, aliyekuwa mchora mabango maisha yake yote, alikuwa tayari amenunua rangi nyeupe na brashi dukani. Picha wataipeleka kwenye jarida la chama chao, watu wote wa asili ya huku waione: mjukuu na kaburi la bibi yake.

"Na mama yako aje," Bi Ingeborg alisema. "Tungependa sana kumshika mkono yule mtoto wa chini ya meza."

Hapo ndipo pa kusema. Kila mtu alimtazama, mlango wa kutokea ukweli ulikuwa wazi kama mlango wa kanisa. Bogdan alifungua kinywa. Akasema asante.

Aliendesha hadi kwa mama yake. Paraska alikuwa nyuma ya nyumba akichambua matunda meusi kwenye beseni, na jua la huku kwetu wakati wa kiangazi halina haraka ya kutua. Bogdan aliketi kwenye ngazi akaeleza yote, akianzia katikati, akirudi mwanzo, akijitetea pale pasipo na mshitaki. Mama yake hakuacha kuchambua. Alipomaliza, aliuliza jambo moja.

"Na bibi yako wewe, Nastia, nimemzika wapi?"

Wote wawili walijua. Amelala kwenye makaburi yale yale, upande wa ukuta, na kila Alhamisi Bogdan aliwapanga wageni wakiupa ukuta mgongo.

Akamwomba aje asubuhi. Hakujua anamwomba aje kufanya nini. Labda kusema uongo, labda kuusema ukweli badala yake.

"Siji," Paraska alisema. "Nikija nikakubali, nimemkana mama yangu. Nikija nikasema kweli, nimekuvua nguo mbele ya wageni. Nguo zako vua mwenyewe." Akamsukumia beseni. "Sasa shika, chambua. Ulivyokaa hapo hunisaidii."

Akachambua mpaka vidole vikawa vyeusi.

Asubuhi alichelewa makusudi. Alijidanganya anakaza breki, kisha anatia mnyororo mafuta, na alipofika makaburini wageni walikuwa wameshaanza. Aliiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya lango, asiingie.

Jiwe lilikuwa limesuguliwa hadi linang'aa. Mzee Detlef alipiga magoti juu ya shuka la plastiki, ulimi nje kama mtoto wa shule, akipitisha brashi kwenye herufi za jina la Luiza. Na aliyemshikia ndoo alikuwa Trauta. Alikuwa amevaa gauni lake jeusi la kanisani na aproni juu yake, nywele kazibana. Alichota maji, akabadilisha kitambaa, akamwonyesha Detlef kwa kidole mahali ambapo herufi moja ilikuwa na mkunjo usioonekana tena. Alimhudumia mgeni kwenye kaburi la bibi yake kama kibarua.

Bi Ingeborg alimwona Bogdan langoni, akampungia mkono kwa furaha. Aliinua kamera, akaangalia ndani yake, akaishusha. Akamgusa Trauta kwenye kiwiko, kwa upole wote alionao mtu mwema asiyejua.

"Samahani, mama. Ungesogea kidogo upande ule? Picha hii ni ya familia tu."

Trauta aliweka ndoo chini. Akaukausha mkono mmoja kwa mwingine, akasogea. Akapiga hatua, akaona bado yumo kwenye picha, akasogea tena, hadi kwenye upupu.

Bogdan hakujua ameingiaje. Alijisikia tu akisema, kwa Kijerumani kile kile cha jikoni, kwamba mtoto wa chini ya meza ni huyo mliyemtoa kwenye picha. Bibi ni wake, kaburi ni lake, na hata haya maneno ninayosema ni yake, alinipa nikiwa na njaa. Mimi ni mjukuu wa Nastia, yuko pale ukutani.

Brashi ya Mzee Detlef ilisimama hewani, tone la rangi likaanguka kwenye suruali yake. Bi Ingeborg alikuwa mwekundu hadi shingoni, akiishika kamera kwa mikono miwili kana kwamba ni yeye aliyeiba. Bogdan alimgeukia Trauta, akisubiri tusi, au msamaha, au hata ule utani wake wa mwiko.

Trauta hakumtazama. Alitoka kwenye upupu akikung'uta gauni, akapita mbele yake karibu kumgusa, akapiga magoti kando ya Detlef, magoti ya kizee yakilia. Akaichukua brashi kutoka mkononi mwake, akaichovya, akaanza kuipaka herufi iliyofuata yeye mwenyewe, rangi ikitoka nje ya mstari, na wageni wote wakiwa wamesimama.