Mtoto wa Helena

Juzi nilipita soko la Muthurwa nikamkuta fundi mmoja anajaribu televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Ilipoanza kupata moto, harufu ya vumbi linaloungua ikanifikia puani, nikasimama pale na mfuko wangu wa sukuma wiki, siendi mbele wala nyuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Alhamisi jioni nyumbani kwetu mtaa wa Tena, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Ninyi mtakuwa watu wa kwanza kusikia nilichofanya.

Mwaka huo Kukhu, ndivyo tulivyomwita nyanya, mama mzazi wa baba, aliletwa kutoka magharibi kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na hospitali ilimpa tarehe ya mbali. Basi akakaa nasi, akiona mwanga na vivuli tu. Televisheni yetu, ya picha nyeusi na nyeupe, ilifungiwa ndani ya kabati lenye kufuli, na juu yake mama alitandika kitambaa cha kufuma. Kukhu aliketi karibu nayo kuliko sisi sote, mikono mapajani, sikio limeelekea spika. Kiswahili alikijua vizuri. Kizungu hakukijua hata kidogo, na tamthilia zote nilizozipenda zilikuwa za Kizungu.

"Nafula," baba akaniambia, "si wewe ndiye unaongoza darasa kwa Kizungu? Utamweleza nyanya yako."

Mwanzoni niliona fahari. Filamu za farasi na bunduki, ambazo mimi nilidhani hakuna zaidi yazo duniani, Kukhu alizidharau waziwazi. "Wanaume wazima wanakimbizana mchana kutwa. Shamba analima nani?" Lakini ile tamthilia ya Alhamisi aliipenda. Ilihusu mwanamke aitwaye Helena, aliyenyang'anywa mwanawe akiwa mchanga, akawa anamtafuta nyumba hadi nyumba. Kukhu aliwapima wale watu kwa sauti. Kulikuwa na kijana mmoja mtanashati niliyempenda mpaka nikaandika jina lake nyuma ya daftari la hesabu. Kukhu alimsikiliza kidogo tu. "Huyu ana sauti ya mtu anayekula peke yake," akasema. Wiki mbili baadaye kijana akamwibia Helena barua zake. Nimetazama picha nyingi tangu hapo na kusoma wachambuzi wengi, na bado sijapata wa kumfikia.

Shida ni kwamba aliuliza sana. Amesema nini? Mbona wamenyamaza? Amevaa nini? Nikieleza hili, lile linanipita. Nikaanza kufupisha. Kisha nikaanza kubuni, maana kubuni kulikuwa kwepesi kuliko kusikiliza, na yeye alipokea kila kitu na kunishukuru.

Ikafika Alhamisi ya mwisho ya Helena. Baba alikuwa zamu kazini, mama yuko jikoni anakaanga vitunguu. Helena alisimama mbele ya mlango fulani, akabisha. Nilikuwa nimejikunyata ukingoni mwa kiti. Kukhu akanishika mkono wa sweta, akauvuta.

"Ni yeye? Nafula, amempata? Niambie, ni yeye?"

"Amekufa," nikasema. "Mtoto amekufa. Imeisha."

Akauachilia mkono wangu. Kwenye televisheni mlango ulikuwa umefunguka na Helena amemkumbatia mwanawe, wote wawili wanalia, nami nikatazama mpaka mwisho bila kusumbuliwa na mtu.

Jumatano iliyofuata kina mama wa maombi walikuja kwetu. Walipoulizwa ni nani ana hitaji, Kukhu akasema angependa wawaombee akina mama waliozika watoto, na akamtaja Helena. Halafu Mama Njeri, jirani yetu wa mlango wa pili, akashindwa kujizuia.

"Haki, mama! Huyo si ni mtu wa televisheni? Na mtoto mwenyewe hakufa, si walikumbatiana mwishoni? Kwani wewe ulitazama gani?"

Walicheka. Hawakuwa watu wabaya, ila walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa leso. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Kukhu aligeuza uso upande niliosimama, kwa sababu alizijua hatua zangu. Nikangoja aniseme.

"Ni masikio yangu," akasema. "Uzee huu. Mtoto alinieleza vizuri, mimi ndiye nilisikia vibaya."

Nami nikamimina chai. Nilizunguka chumba kizima, kikombe kwa kikombe.

Alhamisi iliyofuata alisema amechoka, akabaki chumbani, na zilizofuata vivyo hivyo. Alipasuliwa jicho moja, likaona kiasi, akarudi nyumbani kwake. Kila likizo nilijiambia nitamwomba msamaha. Kila likizo nilipata cha kufanya.

Alipofariki nilikuwa nimeshaajiriwa. Siku ya tatu ya matanga nilikaa na binamu zangu tukimenya viazi, na mmoja, Simiyu, akaniuliza, "Wewe ndiye Nafula wa sinema?" Kumbe Kukhu aliwasimulia picha zile zote kila walipomaliza kula, hata nilizozibuni, akisema, "Nafula wangu ndiye alinitazamia. Huyo anajua Kizungu sawasawa."

"Lakini ile ya Helena hakuimaliza hata siku moja," Simiyu akasema. "Akifika pale mlangoni anatuambia, ya mwisho mtamuuliza Nafula mwenyewe. Kwani mtoto alipatikana?"

Wote waliacha kumenya, wakaningoja.

"Alipatikana," nikasema. "Walikumbatiana."

Sikuweza kuendelea. Walidhani ni msiba umenilemea, wakanipa kitambaa. Pale ndipo nilipoelewa. Kusema mtoto alikufa kungekuwa kuurudia uongo wangu, na kusema aliishi kungekuwa kukiri kwamba mwisho huo hakuupata kwangu. Basi miaka yote ile akachagua kumwacha Helena amesimama mlangoni, ili jina langu libaki safi kwa watoto wale, na labda ili siku moja nije nimalizie mwenyewe. Nilichelewa kwa siku tatu.