Gemu ya Mama Haiharibiki

Gemu ya mama yangu imeanguka mara nyingi kuliko mimi, na mimi ni mtu wa kuanguka. Ni ile ya mkononi, ya matofali: kidude cha plastiki ya kijivu, kioo kidogo kisicho na rangi, matofali yanashuka kutoka juu na wewe unayapanga chini yasijae. Ina mlio mmoja tu, wa kukera, na huwezi kuunyamazisha mpaka uzime gemu yenyewe. Zamani zilikuwa zimejaa kila kona ya Kariakoo. Leo ukimwonyesha mtu anacheka kwanza, halafu anaomba acheze kidogo.

Haikununuliwa kwa ajili yake. Baba alimletea kaka yangu alipofaulu darasa la saba, na mama akaichukua siku ile ile ili aikague, asije akaruhusu mambo ya kihuni ndani ya nyumba. Ukaguzi huo haukuisha. Kaka sasa ana mvi kwenye ndevu, na kila Idi akija kutusalimia anamuuliza mama kama ameshamaliza kukagua. Mama humjibu kwamba kuna sehemu bado hajaielewa.

Tunauza mapazia na mashuka, mtaa wa pili kutoka Msimbazi. Duka liko chini, sisi tunakaa juu. Asubuhi hapashikiki, lakini baada ya adhuhuri jua likipamba moto wateja hupungua, na hapo ndipo mama huvuta kiti chake nyuma ya meza, akavaa miwani, na ule mlio ukaanza. Wateja wa siku nyingi wanajua utaratibu. Usiulize bei mpaka tofali litue.

Nikisema ile gemu ni ngumu, sitanii. Ilidondoka kutoka kibarazani kwetu, ghorofa ya pili, ikatua kwenye mkokoteni wa machungwa, na mwenye mkokoteni akapanda ngazi kutuletea ikiwa bado inalia. Imefuliwa, ndani ya mfuko wa dera, beseni zima la sabuni. Mwaka ule mvua ilipotuingizia maji dukani hadi magotini, tuliikuta chini ya meza imejaa tope. Mama aliiosha kwa maji safi, akaianika juu ya paa siku tatu, akatia betri, ikalia. Halafu kuna mjomba wangu, ndugu yake mama, mtu mwenye kilo zake, aliyeikalia mchana mzima wa harusi akidhani ni pochi ya mtu. Siku hiyo ilivunjika mfuniko wa betri tu, na tangu hapo betri zinashikiliwa na lastiki ya nywele.

Mimi vitu vya kisasa vinanikimbia. Simu sihesabu. Kaka aliwahi kuniletea gemu mpya kutoka Dubai, ya mkononi pia, ina kioo kikubwa na rangi zote za duniani. Ilianguka kutoka kwenye kochi. Kochi, tena kwenye zulia! Ikazima na haikuwaka tena. Mama aliipapasa, akasema, "Maskini, hata hatujazoeana," akarudi kwenye matofali yake.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tulikuwa na imani moja isiyo na mjadala: gemu ya mama haiharibiki. Imani hiyo ndiyo iliyopaswa kunishtua siku mama aliponiita kutoka nyuma ya meza na kusema imeharibika. Ningekuwa na akili, ningeanzia hapo.

"Haisogei," aliniambia. "Inageuza matofali vizuri, lakini nikitaka kuyapeleka kushoto au kulia yanagoma."

Batani za kusogeza ziko upande wa kushoto wa gemu, za kugeuza upande wa kulia. Nikaona ni jambo dogo, mpira wa ndani umechakaa. Nilimwambia nitaipeleka kwa fundi.

Sasa nikikumbuka wiki zile mbili najionea aibu. Mama alikata pazia la mteja likaenda upande, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Alisema mkasi butu. Nikaupeleka mkasi kunolewa. Alidondosha kisahani cha kahawa, akasema nimekiosha vibaya kimebaki na sabuni. Nikakubali kosa. Kitambaa kilikuwa kinamponyoka upande wa kushoto, kisahani alikuwa amekishika mkono wa kushoto, na mimi niliyesoma mpaka chuo nilikuwa nazunguka mjini na mkasi.

Gemu niliipeleka kwanza Ilala, kwa fundi wa redio niliyeelekezwa na jirani. Alibadilisha mpira wa batani, nikairudisha, mama akajaribu, akanirudishia. "Huyo kakudanganya," alisema. Alikuwa amekasirika kweli, na mama yangu akikasirika hasemi sana, anakunja mashuka. Siku hiyo alikunja mashuka yote ya dukani, tena hakuyakunja vizuri. Niliyakunja upya kimyakimya akiwa anaswali.

Fundi wa pili yuko karibu zaidi, nyuma ya soko, meza yake chini ya ngazi za jengo la maduka ya simu. Ni mtu wa Buguruni, rika langu, mdomo haumkai kimya. Ana miwani yenye lenzi ya kukuzia upande mmoja, na hata akikutazama wewe anakutazama kwa jicho hilo.

"Mambo dada?"

"Poa. Nina mgonjwa."

Alipoiona gemu alipiga kelele ya furaha mpaka jirani yake akageuka. Akaifungua, akaisafisha, akaifunga, akaanza kucheza. Alicheza muda mrefu. Mimi nimesimama juani, yeye anapanga matofali, wateja wake wawili wamesimama nyuma ya bega lake wanamshauri.

"Dada, hii ngoma nzima kabisa," alisema mwisho. "Sikudai kitu. Mimi silipwi kwa kitu kizima."

"Mama anasema haisogei."

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

Nilimwambia yuko dukani, si mbali. Akasema nimlete, aone anavyobonyeza, maana kuna watu wana vidole vyepesi na batani inataka kubonyezwa sehemu fulani. Nikaenda kumchukua. Mama alikuja amejiandaa kwa ugomvi, mtandio kauweka sawasawa, kwa sababu kwa mawazo yake alikuwa anakwenda kumuumbua fundi hadharani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umesema gemu yangu nzima?"

"Nzima mama. Hebu nionyeshe inavyokusumbua."

Mama akaketi kwenye stuli, akacheza. Matofali yalishuka katikati, moja juu ya jingine, mpaka yakafika juu na gemu ikalia kwamba ameshindwa. Akamtazama fundi kwa ushindi. Fundi aliichukua mkononi mwake. Alinipa mimi gemu ile ile. Nikacheza, na mimi si mchezaji, lakini matofali yalikwenda kushoto, yalikwenda kulia. Kisha akafungua droo akatoa gemu nyingine ya aina hiyo, ambayo huitumia kwa vipuri, akatia betri, akampa mama.

Matofali yakashuka katikati, moja juu ya jingine.

"Na hii yako mbovu," mama alisema.

"Mama," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa imeshuka, "mimi kazi yangu ni kubadilisha kimoja kimoja. Nikibadilisha kifaa na tatizo likabaki, najua haliko kwenye kifaa. Naomba unibane hiki kidole changu. Mkono wa kulia. Sawa. Sasa wa kushoto."

Nilikuwa nauangalia mkono wa mama. Vidole vilikwenda, lakini kidole gumba hakikufunga. Kilikaa pembeni. Fundi alivua ile miwani. Wale wateja wawili walisogea mbali kidogo kwa adabu, na hapo nikaogopa, niliogopa kama sijawahi kuogopa.

Mama alikigeuza kiganja chake juu na chini. "Kwa hiyo ni mimi?" aliuliza.

"Nendeni hospitali sasa hivi," fundi akaniambia mimi. "Msipitie dukani."

Hatukupitia. Daktari, mwanamke mwenye haraka, alimpima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Akasema ni kiharusi, kidogo, kimeshapita, na kwa presha ile kikubwa kilikuwa kinakuja nyuma yake. Akaniuliza dalili zimeanza lini. Nikamwambia wiki mbili. Akaniuliza wiki mbili zote nilikuwa nafanya nini. Ningemjibu nini? Nilikuwa kwa fundi. Mkasi ulipata huduma, gemu ilionwa na mafundi wawili, mama yangu hakuonwa na mtu. Nililia kwenye korido mpaka muuguzi akaniletea kiti.

Mama alilazwa siku nne, akatoka na dawa za presha za kumeza maisha yake yote na kimpira chekundu cha kufinya kwa mazoezi. Kimpira alikidharau tangu siku ya kwanza. Alisema ni cha mbwa. Mazoezi aliyafanya kwa gemu: kidole gumba cha kushoto, batani ya kushoto, mara ishirini, apumzike, mara ishirini. Mwanzoni matofali yaliendelea kulundikana katikati, na sisi tuliokuwa tukilalamikia ule mlio miaka yote tukawa tunausikiliza tofauti. Nikiwa juu napika, nilikuwa naacha mwiko nisikie. Siku tofali la kwanza lilipokwenda pembeni mama hakupiga kelele. Aliita jina langu mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, nikashuka ngazi bila viatu.

Ilichukua miezi. Kufika Ramadhani alikuwa anakata mapazia mwenyewe, mstari umenyooka, na amerudia kumwambia kaka kwamba ukaguzi unaendelea.

Mwaka huu, siku moja baada ya alasiri, nilikuwa ghorofani napiga pasi nikamsikia akiita kutoka chini. "Njoo uone, gemu haisogei tena."

Sikuiangalia gemu. Niliiacha pasi, nashukuru Mungu nilikumbuka kuchomoa, nikamshika mama mkono, nikasimamisha bajaji katikati ya mtaa. Alinigombeza njia nzima. Duka liko wazi! Mteja yuko ndani! Ameacha kahawa! Nikamwambia kahawa itanywewa na mteja. Hospitali alikuwepo daktari yule yule. Alimpima presha, akaridhika. Akamwambia abane vidole vyake viwili kwa mkono wa kushoto, na mama, aliyekuwa amejaa hasira zake zote, alivibana mpaka daktari akasema inatosha mama, inatosha.

"Mko salama," akaniambia. "Kwani kimetokea nini?"

Mama alimjibu yeye. "Gemu yangu imeharibika, na huyu kanileta mimi."

Kesho yake niliipeleka nyuma ya soko. Fundi aliifungua, akabadilisha betri, akabadilisha mpira, akachomoa kioo akatia cha ile gemu ya vipuri. Alirudia mara ya pili, taratibu, bila maneno mengi. Mwisho akaiweka juu ya meza na kukunja mikono.

"Dada, leo imekufa kweli. Pole sana."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, yeye ananitazama kwa lile jicho lake kubwa. Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia asante, nikamwambia alhamdulillahi, nikamshika mkono nikashindwa kuuachia. Imekufa gemu. Mama yuko dukani anapima pazia kwa mikono miwili.