Mstari Mweusi wa Ukurasa wa Nne

Asubuhi ile ya Aprili, mwaka 1865, Philena Tarbox alikuwa amekwisha kupanga herufi za habari ya kifo cha mdogo wake. Ndiyo kazi iliyomweka mjini, kupanga herufi za madini ya risasi katika gazeti la mji wa viwanda vya pamba, kule Massachusetts. Mdogo wake huyo, Lovina, na wenzake watano waliungua hadi kufa kiwandani kwa sababu msimamizi alizoea kuwafungia wasichana kwa kufuli, wasitoke kupunga upepo. Neno "kufuli" lilikuwamo. Philena alihakikisha limo.

Kisha ikaja telegramu: rais amepigwa risasi, amekufa.

"Vunja habari zote za mjini, herufi zirudi kisandukuni," akasema Bwana Haskell, mhariri. "Moto, ng'ombe waliopotea, mahubiri. Leo ni rais tu."

"Na Lovina wangu, bwana?"

"Philena, nchi nzima inalia."

"Na mimi si nchi?"

"Tutaangalia wiki ijayo."

Wiki ijayo! Wiki ijayo mlango ungekuwa mpya, na msimamizi angeapa kwamba haukufungwa hata siku moja. Philena hakuwa na kinyongo na rais. Alikuwa amemlilia kama wengine. Lakini herufi za jina la mdogo wake alizirudisha kisandukuni moja moja, kwa hasira.

Ukurasa wa nne haukuguswa, maana ulikuwa wa matangazo. Moja lilitoka kiwandani: "Wanatakiwa wasichana sita wa kusokota, haraka. Wafike Jumatatu."

Sita. Hawakuona haya hata kidogo.

Ukiwapo msiba mkubwa, wapiga chapa huvipindua vile vipande vya shaba vinavyotenganisha habari, upande mnene ukakaa juu, na gazeti likatoka na mistari minene myeusi. Bwana Haskell aliagiza hivyo kwa ukurasa wa kwanza, na Philena akafanya. Kisha akauendea ukurasa wa nne, akavipindua vipande vinne vilivyolizunguka tangazo la kiwanda. Haikuhitajika nafasi zaidi. Hakuongeza hata neno.

Jotham, wa mtambo wa kuchapia, aliona.

"Dada, hapa umekosea."

"Sijakosea."

Jotham akalisoma tangazo tena, taratibu. "Mzee atakufukuza, unajua?"

"Chapa, Jotham."

Akatema tumbaku yake, akachapa.

Mchana haujafika, Philena alikuwa hana kazi. "Umenitia aibu mbele ya wenye kiwanda," Bwana Haskell alifoka.

"Aibu ulikuwa nayo, bwana. Mimi nimeizungushia mstari tu."

Jumatatu wanawake walijaa langoni pa kiwanda, kila mmoja na ukurasa wake wa nne, na Philena katikati yao, wino ungali kwenye kucha. Msimamizi akatoka akitabasamu, akidhani wamefuata kazi.

"Tumeona tangazo lenu la msiba," akasema Bi Mehitable Crane, mfumaji mzee. "Tumekuja kuuliza marehemu walikufaje."

"Ulikuwa moto tu, mama. Bahati mbaya."

"Kwa nini hawakutoka?" akauliza Philena.

"Walitaharuki. Mlango ulikuwa wazi. Humu hatujawahi kumfungia mtu."

Wanawake wakasogea hatua moja, wote pamoja. Msimamizi akarudi nyuma, akalivuta lango, akachomoa kufuli kiunoni na kulifunga mbele ya macho yao.