Maumivu Kwanza, Salamu Baadaye

Mara ya kwanza kukutana na yule mama nilikuwa nimelala chali hospitalini, tumbo limeshonwa, na yeye amesimama miguuni pa kitanda akisoma karatasi zangu huku akitikisa kichwa.

"Wewe ndiye uliyesema tatu?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Tanga.

Nilishtuka. Kiswahili nilikizoea kanisani na kwenye maduka ya mtaani kwetu Tensta, si kinywani mwa mtu aliyevaa sare ya hospitali ya Stockholm.

"Tatu gani, mama?"

"Walikuuliza kwenye simu, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni namba ngapi. Ukasema tatu. Kidole tumbo kimeshapasuka, baba mzima unasema tatu!"

Nilisema tatu, siwezi kukataa. Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo, nimelelewa na watu. Asubuhi ile nilipopiga simu kituo cha afya, nilimsalimu nesi wa watu vizuri, nikamuuliza habari za kazi, nikamuuliza na habari za baridi. Aliponiuliza hali yangu nikajibu niko mzima, asante. Ningejibu nini kingine? Kwetu mtu akikuuliza hali unajibu nzuri kwanza, halafu taratibu unaingiza "ila". Shida ni kwamba Wasweden hawaisubiri hiyo "ila". Yule nesi alisikia mzima, akasikia tatu, akaniambia ninywe maji, nipumzike, nipige tena hali ikizidi. Nikamshukuru sana, nikakata simu, nikajikunja.

Na kwa nini tatu? Sifuri ingekuwa uongo, maana ningekuwa nimepiga simu kwa ajili gani. Kumi ni kama kumlalamikia Mungu. Tatu ni adabu.

Mke wangu alinikuta sakafuni jikoni. Binti yetu, wakati huo darasa la sita, alinyakua simu akasema kwa Kiswidi, bila salamu hata moja, kwamba baba yuko chini, analowa jasho, hawezi kunyooka. Gari la wagonjwa lilifika kabla mke wangu hajamaliza kutafuta viatu vyangu. Nilimwonea mtoto aibu kwa kuongea na watu wazima namna ile. Baadaye daktari alinieleza kuwa ndiye aliyeniokoa, ikabidi nimnunulie baiskeli.

Yule mama aliposikia hayo alicheka mpaka akashika ukingo wa kitanda. Akaniambia mimi si wa kwanza. Alikuja Sweden akiwa msichana, akasomea uuguzi, akafanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini, na watu wetu wote, wawe wa Bujumbura, Mombasa au Goma, wana namba moja tu. "Mafua tatu," akasema. "Mguu uliovunjika tatu. Hata uchungu wa kuzaa, tatu. Siku hizi nikisikia tatu kutoka kwenu nazidisha mara tatu."

Masika yaliyofuata alistaafu. Nilidhani atakaa nyumbani kwake Sundbyberg afume soksi, kumbe ndiyo kwanza anaanza. Jumamosi moja alitokea kanisani kwetu Tensta na mashine yake ya presha na kikapu cha vitumbua, akamwomba mchungaji meza moja ukumbini. Mchungaji akauliza kwa upole kama mama si Mwislamu. "Ndiyo," akasema, "lakini presha haina dini." Akapewa meza, na karibu na jiko, maana mchungaji alishaviona vile vitumbua.

Kupima presha kulikuwa kisingizio tu. Kazi yake hasa ilikuwa kutufundisha kuumwa. Alichukua miiko miwili ya kusongea ugali kutoka jikoni, mmoja akamkabidhi mgonjwa, mmoja akauweka sikioni mwake: sasa yeye ni kituo cha afya, piga simu. Sharti lilikuwa moja, maumivu kwanza, salamu baadaye. Ukianza na habari za asubuhi, anashusha mwiko mezani: "Nimekata simu!" Unaanza upya, na ukumbi mzima unakuangalia huku wanakula.

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Watu waliumia. Mzee mmoja wa Burundi, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, alishika mwiko kwa heshima zote, akakohoa, akaanza:

"Habari za asubuhi, bibi. Mmeamkaje hapo ofisini?"

"Nimekata simu!"

Mzee akauweka mwiko chini polepole, akachukua kofia yake, akatoka. Alituambia mlangoni kwamba hajawahi kukatiwa simu maishani, na hataanza kukatiwa na mwiko. Tukasema basi, huyo hatarudi. Jumamosi iliyofuata akarudi, amenuna, hakumtazama mtu. Akaketi, akainua mwiko.

"Goti la kulia. Saba. Tangu mwezi uliopita." Akameza mate. "Sasa, hujambo, bibi?"

Yule mama akasimama. Akamshika mzee mikono yote miwili, akamsalimia salamu ndefu kuliko zote nilizowahi kusikia: yeye, mke, watoto, wajukuu, ndugu waliobaki Burundi, mpaka ng'ombe. Mzee akajibu moja moja, uso ukafunguka. Goti lilitibiwa, na mzee akawa mkali kuliko mama mwenyewe kwa wanaojipa tatu.

Kila Jumapili yule mama alimpigia simu mdogo wake wa kike aliyeko Tanga, ndugu pekee aliyebaki naye, akamsimulia mazoezi yote. Nilijua kwa sababu siku moja alinipa simu nimsalimie, na sauti ya mbali ikaniuliza, "Wewe ndiye yule dereva aliyesema tatu?" Nilikasirika. Mimi ni dereva wa basi la Spånga, nina kazi yangu na heshima yangu, halafu Tanga nzima inanijua kwa kidole tumbo.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha, majira ya kupukutika majani, nikaanza kuona vitu.

Kutoka kituo cha treni mpaka kanisani ni mwendo wa dakika tano. Nikiwa zamu ya Jumamosi, nilimwona mama kutoka kwenye usukani ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani, anaangalia njiwa. Nikipita tena, yuko benchi linalofuata. Yule mama hakuwa mtu wa kuangalia njiwa. Vitumbua vikapungua, vikawa biskuti za dukani. Ngazi sita za ukumbini akawa anazipanda akijifanya anasalimia kila mtu, apate kusimama kila hatua.

"Mama, uko namna gani?" nikamuuliza.

"Salama kabisa. Shikamoo yangu iko wapi?"

Sisi Wakongo hatuna shikamoo, naye alijua, ndiyo maana alikuwa akiidai kila nilipomuuliza jambo asilolitaka. Nikamwambia aende kwa daktari. Akasema amefanya kazi na madaktari maisha yake yote, amewachoka. Mke wangu akajaribu, akaambiwa ni uzee tu. Niliogopa, nasema wazi. Baba yangu alifariki Uvira akiwaambia watu wote mlangoni kwamba yuko mzuri, nami nilikuwa nimesimama pembeni nikimwamini. Sikutaka kuamini mara ya pili.

Wiki mbili nilizunguka na ile hofu nikigombana na abiria bure. Jumamosi ya tatu niliomba ruhusa kazini, nikafika ukumbini kabla yake. Alipoingia, mashavu yana rangi ya majivu, aliukuta mwiko mmoja kwenye kiti chake, na mwingine niko nao mimi, nimekaa upande wa nesi.

"Leo mimi ndiyo kituo cha afya," nikamwambia. "Piga simu, mama."

"Dereva, acha mchezo."

"Piga."

Watu wakaacha kula. Akatazama huku na huku, akaona hakuna wa kumtetea, akacheka kidogo, akauinua mwiko.

"Hujambo, bwana? Habari za kazi?"

"Nimekata simu!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, mama naye akacheka, halafu kicheko kikamkatia pumzi. Akashika meza. Alipoweza, akauweka mwiko sikioni tena.

"Siwezi kupumua nikipanda ngazi," akasema. "Wiki tano sasa. Miguu inavimba. Kulala nalalia mito minne."

"Na kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu watanikataza kuja hapa."

Nilikuwa na maneno makali niliyoyaandaa kwa wiki mbili, yote yakapotea. Nikauliza swali la kituo cha afya:

"Maumivu namba ngapi, mama?"

Akafikiri. "Tatu."

Yule mzee wa Burundi akapiga meza kwa kofi. "Tatu mara tatu! Pigeni simu ya kweli!"

Nikapiga simu ya kweli, nikampa. Akasema yote kwa Kiswidi chake safi, moja baada ya jingine, bila salamu. Gari la wagonjwa likaja. Wakati wanamtoa akageuka kwenye machela akatuamuru tusiache chai ipoe.

Ilikuwa vali ya moyo, imechakaa. Wakambadilishia. Baada ya miezi mitatu alipanda zile ngazi sita bila kusimama, akanipita bila kunitazama, akaketi kwenye kiti cha mgonjwa.

"Umeniaibisha mbele za watu," akasema. Kisha akanisukumia mwiko. "Kiti cha nesi chako sasa. Mimi nitapima presha na kula."

Na alikula. Kwa miaka minne mingine alikula vitumbua vya wanafunzi wake, akivikosoa kimoja kimoja, wakati mimi nakata simu za miiko. Kwenye karatasi zake za hospitali aliniandika mimi kuwa ndugu wa karibu. Karani alipouliza ni ndugu wa namna gani, alijibu: "Dereva." Binti yangu, ambaye sasa ni mtu mzima na hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsalimia kwa Kiswahili, alikuwa akimjibu yule mama kwa Kiswahili. Nilimwonea mama wivu, na nilifurahi, yote kwa pamoja.

Mama alifariki asubuhi, mwanzoni mwa majira ya joto, nyumbani kwake Sundbyberg, dirisha wazi. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeandikwa, ilikuwa juu yangu kupiga simu Tanga.

Niliketi jikoni na simu mkononi, mke wangu pembeni. Kwetu habari kama hiyo haitupwi. Unaizungukia: unasalimia, unaulizia wagonjwa, unaulizia mvua, mpaka mwenzako ahisi mwenyewe. Simu ikaita mara mbili tu. Ile sauti ya mbali ikaitika, changamfu.

"Dereva! Habari za huko?"

Ulimi ulikuwa tayari juu ya "nzuri".

"Mbaya," nikasema. "Dada yako ametutoka leo asubuhi. Hakuteseka."

Nilisikia redio ya jirani yake, na jogoo. Nilidhani nimekosea, nimemtendea vibaya kuliko wote. Kisha akavuta pumzi.

"Umesema vizuri," akasema. "Alivyotaka yeye." Akalia kidogo, nikamwacha alie. Halafu akaniuliza, "Na wewe, baba? Namba ngapi?"

"Tatu," nikasema.

"Basi tisa," akasema. "Na mimi hiyo hiyo."

Tukalia wote, kila mtu na jikoni kwake. Ndipo tukasalimiana: habari za watoto, habari za Tanga, habari za mvua, moja moja, bila haraka.