Kinywa Nilichotaka Kipanuliwe

Ndugu wasomaji, mwezi uliopita nilimponza bibi yangu kwa ajili ya tasnifu yangu.

Bibi Kabula ni mfinyanzi wa kijiji cha Samuye. Moshi wa kuchoma vyungu umemwachia macho mekundu, na kwetu bibi kizee mwenye macho hayo huitwa mchawi, wengine wameuawa. Nililijua hilo. Hata hivyo nilimwonyesha picha ya sanamu za udongo za Wapueblo, wenyeji wa asili wa Marekani: bibi msimulizi, kinywa wazi, watoto wamemjaa mwilini. Nikamwomba afinyange ya kwake, pamoja na watoto wa kijijini wanaosikiliza hadithi zake. Hata Masanja, mtoto wa jirani, alimfinyanga, na kovu lake la kichwani.

"Mjukuu wangu, huyu anasimulia au anameza?" alinitania.

"Kipanue zaidi kinywa, Bibi," nikasema, kwa uhakika wa msomi. Sanamu ilipokwisha kuchomwa, nikaiweka barazani ionekane.

Wiki hiyo Masanja akashikwa na degedege. Mama yake akaja na majirani, akaishika sanamu, akaligusa lile kovu.

"Mayu," akamwita Bibi, kama tunavyomwita mama kwetu, "huyu si mwanangu? Mbona umemweka karibu na kinywa?"

Bibi akanigeukia. "Mjukuu wangu, waambie."

Nikaanza na utangulizi. Nikafafanua istilahi. Mtu mmoja akaguna, ndipo nikapaza sauti: "Ni mimi niliyemwambia akipanue kinywa!"

Hakuna aliyenitazama. Wote walikuwa wakiyatazama macho ya Bibi.